AppCompat au wijeti za mfumo? Tathmini ya msanidi programu wa Kisumu

Mama mmoja anayeuza nafaka kwa rejareja katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, ndiye aliyenisukuma kuandika tathmini hii, ingawa mwenyewe hana habari. Tulikuwa tumemwekea kwenye simu programu yetu ya daftari la madeni, ambayo kazi yake ni kuonyesha nani amechukua nini, amelipa kiasi gani na amebakisha kiasi gani. Baada ya siku mbili alinipigia simu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani wateja wangu wote wamesamehewa madeni?" Orodha yake ilikuwa tupu. Nilipofika dukani nikabonyeza mahali ambapo jina la kwanza lingekuwa, na ukurasa wa mdaiwa ukafunguka bila shida yoyote. Majina yalikuwapo yote. Yalikuwa yameandikwa kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweupe.

Simu yake ilikuwa ya mkono wa pili, yenye Android 5.1. Yangu, ambayo nilikuwa nimeijaribia programu kwa majuma kadhaa, ilikuwa na Android 12. Tulikuwa tumetumia wijeti za kawaida za mfumo, yaani vitufe, maandishi na swichi zinazotoka kwa Android yenyewe, bila kutaja mandhari yoyote (seti ya rangi na mitindo), kwa imani kwamba programu ndogo kama ile haihitaji mapambo. Kumbe msanidi asipotaja mandhari, mfumo humchagulia: matoleo ya zamani kama 5.1 huipa programu mandhari meusi yenye maandishi meupe, ilhali kuanzia Android 7.0 programu inayolenga matoleo mapya hupewa mandhari meupe yenye maandishi meusi. Sisi tulikuwa tumeulazimisha usuli uwe mweupe kwa mkono wetu, kisha rangi ya maandishi tukauachia mfumo. Kwenye simu yangu mambo yalilingana kwa bahati tu, na bahati hiyo haikufika Kibuye.

Tangu siku hiyo nimeuandika upya uso wa programu ile mara mbili, mara moja kwa wijeti za mfumo zilizowekewa mandhari kamili na mara nyingine kwa AppCompat, maktaba ya msimbo ambayo Google huitoa ili programu iwe na sura na tabia moja kwenye simu mpya na za zamani. Ninayoyasema hapa yametokana na kazi hiyo, iliyofanyika kwenye kipakatalishi kimoja na simu nyingi za kuazima, nyingine zikiwa zimetoka kwa mafundi wa simu mjini ambao walinivumilia nikae vibandani mwao nikibonyezabonyeza mali za wateja. AppCompat hutolewa bure, chini ya leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo gharama ninayoipima ni ya muda, ya ukubwa wa faili na ya usumbufu.

Kwanza nieleze tofauti yenyewe, kwa sababu wanafunzi wengi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazini huichukulia kuwa tofauti ya majina tu. Wijeti za mfumo, yaani zile za kifurushi cha android.widget kama vile Button, TextView, EditText na Switch, hukaa ndani ya simu yenyewe. Programu yako haizibebi. Huomba kitufe, na simu hutoa kitufe chake. Mtu akiagiza chai bila kufafanua, hoteli moja itamletea ya maziwa na nyingine itamletea turungi, na hakuna hoteli itakayokuwa imekosea. Ndivyo ilivyo kwa kitufe cha mfumo: kitakuwa kitufe, kitabonyezeka, lakini rangi yake, nafasi zake na hata baadhi ya tabia zake zitategemea toleo la Android lililomo, na ukitumia mandhari ya Theme.DeviceDefault zitategemea pia kiwanda kilichotengeneza simu, kwa kuwa mandhari hayo ndiyo ambayo viwanda vimeruhusiwa kuyabadilisha vipendavyo.

Wijeti za AppCompat husafiri ndani ya programu. AppCompatButton ni mtoto wa Button, na AppCompatTextView ni mtoto wa TextView, kwa maana kwamba hazikufuta zile za mfumo bali zimezirithi na kuziongezea yale ambayo toleo la zamani halikuwa nayo. Kwenye simu mpya mara nyingi hujitoa njiani na kuuachia mfumo ufanye kazi yake. Kwenye simu ya zamani hufanya kazi hiyo zenyewe. Jambo hili ni muhimu kwa anayehofia kwamba atakuwa amejifungia katika ulimwengu mwingine, kwa sababu msimbo wote unaojua kushughulika na Button utashughulika na AppCompatButton bila kubadilishwa herufi.

Historia yake nitaipitia upesi, kwa sababu inasaidia kuelewa ni kwa nini mafunzo ya zamani yaliyotapakaa mtandaoni hupotosha. Upau wa vitendo, ule ukanda wa juu ya skrini wenye jina la ukurasa na alama za vitendo, ulikuja na Android 3.0 mwaka 2011, wakati simu nyingi zilikuwa bado kwenye matoleo ya 2, na wasanidi waliotaka upau huo kwenye simu hizo walitegemea maktaba ya ActionBarSherlock ya Jake Wharton. Google ilitoa upau wake wenye upatanifu, yaani unaofanya kazi kwenye matoleo ya zamani pia, katika AppCompat mwaka 2013. Mwaka 2014 Android 5.0 ilileta mtindo wa mwonekano uitwao Material, na AppCompat ikafuata kwa kuupeleka mtindo huo nyuma. Kisha Aprili 2015, katika toleo la 22.1, zikaja AppCompatActivity, klasi (kiolezo cha msimbo) ambayo kurasa za programu huirithi, na wijeti zenye majina tunayoyajua leo. Mwaka 2018 maktaba zote za namna hiyo zilihamia kwenye jina la AndroidX, na toleo la 28.0.0 likawa la mwisho kwa jina la zamani. Kwa hiyo ukikuta somo linalokuagiza uandike android.support.v7, fahamu kwamba linatoka kabla ya kuhama huko. Hiyo v7 haikuwa namba ya toleo la maktaba, bali kiwango cha chini cha API (namba inayotambulisha toleo la Android kwa wasanidi) ambacho maktaba ilianza nacho, yaani Android 2.1.

Sasa nije kwenye sifa ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoipa AppCompat ushindi katika majaribio yangu, nayo ni ile isiyoonekana. Ukurasa wako ukirithi AppCompatActivity, huna haja ya kuandika AppCompatButton katika faili ya mpangilio, yaani ile inayoeleza nini kikae wapi kwenye ukurasa. Unaandika Button kama ulivyozoea, na wakati ukurasa unapojengwa maktaba huingilia kati na kuweka AppCompatButton mahali pake. Hufanya hivyo kwa TextView, EditText, ImageView, CheckBox, RadioButton, Spinner, SeekBar na nyinginezo. Nilipohamisha kurasa za daftari letu takriban faili zote za mpangilio sikuzigusa kabisa. Nilibadilisha klasi mama na mandhari, na orodha ya madeni ikaonekana sawasawa kwenye simu zote nilizokuwa nazo. Kazi niliyokuwa nimeitengea juma zima iliisha kati ya chakula cha mchana na saa kumi.

Uchawi huo, hata hivyo, una mipaka ambayo haitangazwi kwa sauti. Switch haimo katika orodha ya zinazobadilishwa. Ukitaka swichi yenye upatanifu itakubidi uandike SwitchCompat kwa jina lake kamili katika faili ya mpangilio. Aidha, uingiliaji huo hutokea tu wakati wijeti inapotoka kwenye faili ya mpangilio. Ukiiunda ndani ya msimbo kwa kuandika Button peke yake, utapata kitufe cha mfumo, na hakuna atakayekuonya. Na ukijitengenezea wijeti yako mwenyewe, kwa mfano sehemu ya kuonyesha kiasi cha deni kwa shilingi, yakupasa urithi AppCompatTextView, si TextView. Kwa hili la mwisho angalau Android Studio, programu tunayoandikia msimbo, hukuchorea mstari wa onyo, na nawashauri wanaoyazoea maonyo kama kelele za matatu za Kondele walitenge hilo na kulisikiliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaouliza swali hili kama suala la kuchagua upande. Katika miezi hii yote, hitilafu nilizozitolea jasho hazikusababishwa na wijeti za mfumo peke yake wala na AppCompat peke yake. Karibu zote zilitokana na kuzichanganya hizi mbili katika programu moja. Nitazieleza nne, kwa kuwa kila moja ilinigharimu angalau nusu siku.

Ya kwanza ni ile ambayo kila anayeanza hukutana nayo. Ukirithi AppCompatActivity ukaacha mandhari ya zamani, programu huzima papo hapo inapofunguliwa, na ujumbe wa hitilafu husema wazi kwamba unahitaji mandhari ya Theme.AppCompat au ya kizazi chake. Kosa hili nalipenda, kama kosa linaweza kupendwa, kwa sababu hujitangaza mapema na husema dawa yake.

Ya pili ni ya kimyakimya. Katika faili ya menyu tulikuwa na alama ya kutafuta mdaiwa, iliyopaswa kukaa juu kwenye upau. Baada ya kuhama alama ile ilitoweka, na tulipoitafuta tukaikuta imejificha ndani ya vitone vitatu. Sababu ni kwamba sifa ya showAsAction ilikuwa imeandikwa kwa kiambishi cha android, ilhali AppCompat huisoma ile iliyoandikwa kwa kiambishi cha app. Hapakuwa na ujumbe wowote wa hitilafu, na programu iliendelea kufanya kazi huku watumiaji wakilalamika kwamba tumewaondolea utafutaji. Sehemu yenyewe ya kutafutia, SearchView, nayo ina pacha wawili, mmoja wa mfumo na mmoja wa maktaba, na usipomtaja aliye sahihi katika menyu, msimbo unaomtarajia mwenzake utazima programu mara tu mtu atakapofungua ukurasa huo.

Ya tatu ni ya vidirisha vya kuuliza uthibitisho. Kuna klasi mbili zinazoitwa AlertDialog, moja ya mfumo na nyingine ya AppCompat, zinazoandikwa na kuitwa karibu kwa namna ileile. Unapoandika jina hilo Android Studio hukuletea zote mbili, na kidole kilichochoka hubonyeza iliyo juu. Sisi tulikuwa wawili katika mradi huu, na kila mmoja alikuwa amechagua yake bila kujua. Matokeo yakawa kwamba kidirisha cha "Futa deni hili?" kilifuata mandhari yetu, na kile cha "Futa mteja huyu?" kikafuata ya mfumo, kwa kuwa sifa ya alertDialogTheme tuliyoiweka bila kiambishi cha android haikihusu kidirisha cha mfumo. Mtumiaji mmoja wa Dunga, anayeuza omena, aliniuliza kama kile cha pili ni cha wezi wa mtandaoni. Swali hilo lilinifunza zaidi ya nyaraka zote nilizosoma kuhusu umuhimu wa sura moja: mtu aliyewahi kutapeliwa kwa simu huangalia rangi na pembe za kidirisha kabla ya kusoma maneno yake.

Ya nne inatoka kwenye maktaba ya Material Components, ambayo hujengwa juu ya AppCompat na ambayo wengi huichukua pamoja nayo. Ukitumia mandhari yake, Button katika faili ya mpangilio hugeuka kuwa MaterialButton, na rangi uliyoiweka kwenye background hufunikwa na rangi kuu ya mandhari. Ndiyo sababu ya vile vitufe vya zambarau unavyoviona katika programu nyingi za wanaoanza, ambao wameandika kijani na kuandika tena kijani bila kuelewa ni kwa nini zambarau haitoki. Rangi hiyo huwekwa kupitia sifa ya backgroundTint, au bora zaidi, huwekwa katika mandhari yenyewe, mara moja kwa programu nzima.

Nikiacha hitilafu hizo, yapo mambo matatu ambayo wijeti za mfumo haziwezi kuyatoa kwenye simu za zamani, na ambayo kwa watumiaji wetu wa Nyanza yalikuwa na uzito kuliko rangi.

La kwanza ni lugha. Programu yetu ina Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, na mtumiaji anapaswa kuchagua lugha ya programu bila kuibadilisha lugha ya simu nzima, hasa pale ambapo simu moja hutumiwa na mama dukani na mwanafunzi nyumbani. Android 13 iliileta huduma hiyo ndani ya mfumo, na AppCompat kuanzia toleo la 1.6 ikaipeleka nyuma kwa njia ya setApplicationLocales. Ukiongeza tamko dogo katika manifesti, faili inayoitambulisha programu kwa mfumo, maktaba hukumbuka chaguo la mtumiaji yenyewe hata programu ikifungwa. Sharti ni kwamba kurasa zote zirithi AppCompatActivity. Kabla ya hapo nilikuwa nimejiandikia msimbo wangu wa kubadilisha lugha, ambao ulikuwa na tabia ya kurudi kwenye Kiingereza kila simu ilipolazwa na kusimamishwa. Nimeufuta wote, na sijawahi kufuta msimbo kwa furaha kama ile.

La pili ni urefu wa maneno. Neno moja la Kiingereza lenye herufi nne mara nyingi huhitaji maneno mawili au matatu ya Kiswahili, na kitufe kilichochorwa kwa kipimo cha Kiingereza hukata maneno yetu katikati. Maandishi yanayojipunguza ukubwa ili yaenee mahali yalipowekwa yalikuja katika mfumo kwa Android 8.0, lakini AppCompatTextView huyatoa hata kwenye matoleo ya chini yake. Tumeyatumia kwenye kitufe cha "Pokea malipo" na kwenye vichwa vya safu za jedwali. Siyapendi kila mahali, kwa sababu vitufe viwili vilivyo sambamba huweza kuishia na herufi za ukubwa tofauti, jambo linaloudhi macho. Lakini ni afadhali hivyo kuliko kusoma "Pokea mali".

La tatu huenda likaonekana la mzaha. Wafanyabiashara wengi huandika majina ya wadaiwa wao pamoja na emoji, kwa mfano samaki kwa anayechukua samaki, au uso wenye hasira kwa yule asiyelipa. Simu ya zamani isiyozijua emoji mpya huonyesha kisanduku kitupu, na jina lililoandikwa kwenye simu mpya ya binti hugeuka fumbo kwenye simu ya mama. Kuanzia toleo la 1.4, AppCompat huonyesha emoji hizo kwa kutumia fonti inayopatikana kupitia huduma za Google Play, pasipo msanidi kuandika chochote. Simu isiyo na huduma hizo haitafaidika, na hilo nililiona kwenye simu moja tu kati ya nilizozijaribu.

Sasa nizipe wijeti za mfumo haki yake, kwa sababu mapenzi ya kupindukia kwa maktaba ni ugonjwa mwingine. Faida yake kubwa ni wepesi. Programu isiyo na AppCompat huwa na faili ndogo zaidi, na kwa mteja anayenunua bando la siku, kila megabaiti huhesabiwa. Hata hivyo, katika programu yetu tulipowasha R8, ambacho ni chombo cha kuondoa msimbo usiotumika, ongezeko lililobaki lilikuwa dogo kuliko picha za maelekezo tulizokuwa tumeziweka kwenye kurasa za mwanzo. Tulizipunguza picha tukarudi pale tulipokuwa. Kwa hiyo anayeikataa AppCompat kwa sababu ya uzito namwomba kwanza azipime picha zake.

Pili, yapo mahali ambapo AppCompat haiingii kabisa. Ukitaka kuweka kijisehemu cha programu yako kwenye ukurasa wa mwanzo wa simu, au kuchora taarifa ya arifa kwa mpangilio wako mwenyewe, mchoro huo hujengwa na RemoteViews, ambayo hukubali wijeti chache tu za mfumo. Tulipotaka kuonyesha jumla ya madeni ya siku kwenye ukurasa wa mwanzo, tulirudi kwenye TextView ya kawaida, na wijeti yangu ile ya shilingi iliyorithi AppCompatTextView ikakataliwa. Wanaosahau jambo hili hupata ujumbe usioeleweka kwamba kijisehemu hakikuweza kupakiwa.

Tatu, kama vifaa vyote ni vya kampuni moja na vina toleo moja la Android, kwa mfano simu za makarani wa kupokea maziwa ambazo chama kimezinunua kwa pamoja, sioni haja ya kubeba maktaba ya upatanifu, kwa kuwa hakuna cha kupatanisha. Rafiki yangu aliyeko Nakuru alitengeneza programu ya aina hiyo yenye kurasa mbili, kwa wijeti za mfumo tupu na mandhari ya Theme.Material, na nilipoikagua sikuwa na neno la kumshauri, isipokuwa ayatamke mandhari hayo katika kila ukurasa.

Lakini udhaifu wa wijeti za mfumo ni kwamba hitilafu zake huzeeka pamoja na simu. Mfano ninaoutumia kuwafundisha vijana ni kichagua tarehe. Katika Android 7.0, kidirisha cha kuchagua tarehe kiliyapuuza maagizo ya kuonyesha magurudumu ya kuzungusha na kikalazimisha kalenda. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika 7.1, lakini simu iliyobaki kwenye 7.0 itaendelea nayo mpaka siku itakapotupwa. Hitilafu ya AppCompat hurekebishwa kwa msanidi kubadilisha namba ya toleo, kuijenga programu upya na kuipandisha kwenye Play Store. Ya mfumo hurekebishwa na kiwanda, na viwanda vya simu za bei ya chini si wepesi wa kutuma masasisho. Kwa nchi ambako watu wamenunua simu zao za kwanza kwa mpango wa kulipa shilingi ishirini kwa siku, kama ule ulioanzishwa na Safaricom na Google mwaka 2020, na ambako simu hukaa mikononi mwa familia hadi kioo kipasuke mara ya tatu, hoja hii peke yake kwangu inatosha kuamua.

Upatanifu nao una kikomo. Mwaka 2025 maktaba za AndroidX zilianza kuhamisha kiwango chake cha chini kutoka API 21 hadi API 23, yaani kutoka Android 5.0 hadi 6.0. Maana yake ni kwamba matoleo mapya ya maktaba hizo hayataingia kwenye simu kama ile ya Kibuye, na msanidi anayetaka kuendelea kuihudumia itambidi abaki na toleo la nyuma, akikosa marekebisho yanayokuja. Ninaichukulia hali hiyo kuwa ya haki, kwa kuwa Android 5.1 ilitoka mwaka 2015, ila ningependa watu waelewe kwamba neno "upatanifu" halina maana ya milele.

Kuna pia wanaosema kwamba mjadala wote umepitwa na wakati kwa sababu ya Jetpack Compose, zana ya Google ya kujengea uso wa programu, iliyofikia toleo la 1.0 Julai 2021 na ambayo huchora kila kitu yenyewe bila kutegemea wijeti za mfumo. Wana hoja nzuri, na kwa programu mpya ninayoianza leo kwa lugha ya Kotlin ningeanza na Compose. Kwa maana fulani Compose imeukubali msimamo wa AppCompat na kuupeleka mbali zaidi: beba vyako, usiombe vya simu. Lakini daftari letu liliandikwa kwa faili za mpangilio, lina watumiaji, na wasanidi wake ni wawili wenye kazi nyingine. Kwenye simu dhaifu zenye kumbukumbu ndogo, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, nimeona pia kwamba orodha ndefu iliyoandikwa kwa Compose bila uangalifu hukwama inaposogezwa, mahali ambapo orodha yetu ya RecyclerView ilikuwa ikiteleza bila shida. Uangalifu hujifunzwa, ila huchukua muda, na muda ndio tusio nao.

Kwa hiyo daftari la madeni sasa linatumia AppCompat katika kila ukurasa, SwitchCompat mahali pa kila swichi, kidirisha cha aina moja tu cha uthibitisho, na wijeti za mfumo kwenye kile kijisehemu cha ukurasa wa mwanzo peke yake. Tumeongeza kanuni katika ukaguzi wa msimbo inayozuia AlertDialog ya mfumo isiingie tena kwa bahati mbaya. Toleo la maktaba tumelifunga kwenye lile la mwisho linalokubali Android 5, na kila mwezi tunatazama ni simu ngapi za aina hiyo zimebaki miongoni mwa wateja wetu. Mwezi uliopita zilikuwa nne, na mojawapo ni ya yule mama wa Kibuye, ambaye nilipomgusia habari ya kubadilisha simu aliniambia atainunua nyingine pindi wadaiwa wake watakapomlipa, na akanionyesha orodha yao, iliyosomeka yote.